Lori Halijui Tarehe

Ajuza alizimika katikati ya mlima, Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, akiwa amebeba madumu arobaini na moja ya maziwa. Nisikuchanganye mapema: Ajuza ni lori. Lori kuukuu la dizeli, pua ndefu, bodi la mbao lililopakwa rangi mara nyingi mpaka hakuna anayekumbuka ya kwanza ilikuwa ipi. Dereva wake alikuwa mama wa miaka hamsini na minane. Tulimwita Bi Klachi, kwa sababu dereva yeyote aliyeazima lori lake akaegemeza mguu juu ya klachi bila sababu alichapwa goti kwa kitambaa cha kufutia oili, hata awe na mvi.

Mimi nilikuwa mpimaji wa kiwanda cha maziwa. Kila siku isipokuwa Jumapili tulitoka kiwandani saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukapita kwa wafugaji waliopanga madumu yao kando ya barabara. Mimi nafungua, nanusa, natumbukiza laktomita nione kama yametiwa maji, naandika. Wenyewe wanatusaidia kupakia. Halafu mbio kurudi kwenye mtambo wa kupozea kabla jua halijakasirika. Maziwa ya asubuhi hayana subira.

Siku hiyo lori lilizima bila kukohoa, na hilo ndilo lililomuudhi Bi Klachi.

"Injini ya dizeli haifi kimya hivi," alisema huku akivuta breki ya mkono. "Ikiishiwa mafuta inakohoa. Ikimeza hewa inatetemeka. Hii imekatwa kauli kama mtu aliyezibwa mdomo."

Nikaruka chini nikaweka mawe nyuma ya magurudumu. Yeye akafungua boneti, akalegeza nati ya chujio, akapampu kwa mkono. Tangi lilikuwa nusu. Chujio lilikuwa safi. Lakini kutoka kwenye mpira uendao kwenye injini halikudondoka hata tone.

Akarudi ndani, akainama chini ya dashibodi. Pale kulikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Taa yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kijani, sasa ilikuwa nyekundu na haipepesi.

"Mchawi tumempata," alisema.

Kisanduku kile kilifungwa miaka mitatu nyuma, na aliyekileta ni meneja wetu wa usafiri, kijana mwenye shahada na viatu visivyojua vumbi. Mafundi wa kampuni fulani walikuja, wakakata mpira wa dizeli, wakaweka koki ya umeme katikati, wakabandika karatasi ya lakiri inayong'aa juu ya kisanduku, mtu akikifungua ichanike. Kazi yake ilikuwa kuongea na setilaiti ili ofisini waone lori liko wapi, na likiibiwa, koki ifunge dizeli. Ajuza alikuwa wa kwanza kufungiwa. Yale malori mawili mapya yalifungiwa ya kwao baadaye. Nakumbuka siku ile Bi Klachi aliwauliza mafundi, "Na hiki kikiugua, nani atamwambia koki afungue?" Walicheka tu.

Akampigia meneja, akaweka simu kwenye spika.

"Mama, mbona unachezea kifaa?" ndiyo salamu aliyotupa.

"Mwanangu, shikamoo huijui? Nani kachezea?"

"Mfumo unasema kifaa kimechezewa. Kimejifunga chenyewe. Usiguse kitu. Mafundi wa kampuni nimeshawaita, watafika kesho."

"Kesho! Nina madumu arobaini na moja juani."

"Ukigusa ni kosa la kinidhamu, mama. Nimekwambia." Akakata.

Tukakaa. Bi Klachi akasimama barabarani amejishika kiuno, anatazama jua kama mtu anayemtazama mdeni... hapana, kama mtu anayemtazama mgomvi wake akija. Nikapanda bodini nikafunika madumu kwa turubai, nikalilowesha kwa maji yetu ya kunywa. Yalikauka kabla sijashuka. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Nikafungua dumu moja, nikagusa. Lilikuwa la moto kama mgonjwa wa homa.

"Mdogo wangu," Bi Klachi akaniambia, "haya maziwa yamekamuliwa na watu walioamka saa tisa. Nikiyaacha yaoze kwa sababu ya taa nyekundu, kesho nitawatazama na macho gani?"

Akampigia shemeji yake. Ndugu wa marehemu mumewe, fundi umeme wa magari, ana karakana nyuma ya kituo cha mafuta.

"Shemeji, umenikumbuka leo? Au lori limekukumbusha?"

"Lori. Wewe nani akukumbuke? Sikiliza."

Alipomaliza kueleza, shemeji aliacha utani. "Kisanduku usikiguse. Lakiri usiivunje. Fuata mpira wa dizeli mpaka uone koki. Ina waya mbili, nyeusi na nyekundu. Ichomoe ile nyekundu, mpe koki umeme wa betri moja kwa moja. Koki ni kama mlango wa bawabu mpumbavu, akipata umeme anafungua, hamuulizi aliyemletea ni nani."

Waya tuliupata kwenye honi. Bi Klachi aliukata kwa plaizi, akaumenya kwa meno, akafunga ncha moja kwenye betri na nyingine kwenye koki. Tukasikia *tak*. Akapanda, akawasha, na Ajuza akanguruma kama hajawahi kulala.

Njia nzima tulikwenda bila honi. Kila kona Bi Klachi alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Tunapita jamani! Maziwa!" Watu walitupisha wakicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu saa.

Tulifika saa tano. Nikapima dumu moja moja kwa spiriti: unachanganya kidogo na maziwa, yakishika vipande, yameshaharibika. Ishirini na mawili yalikuwa mazima. Kumi na tisa yalishika. Ni mimi niliyeyakataa, na ni mimi niliyesimama karibu na mtaro yakimwagwa, meupe, yanakwenda na maji ya kuoshea sakafu. Kila dumu lilikuwa na namba ya mwenyewe. Namba ya mama wa mwanzo wa njia, ambaye huleta sita kila siku, ilipita mbele yangu mara tano.

Jioni hiyo wafugaji wote walipata ujumbe wa simu kutoka ofisini. Nami niliupata, kwa kuwa namba yangu imo katika orodha. Ulisema maziwa yao yameharibika "kutokana na uzembe wa dereva".

Jumanne meneja akamwita Bi Klachi akampa barua iliyokwishachapwa. Yeye hakutakiwa kuandika chochote, ila sahihi tu. *Nakiri kwamba nilichezea kifaa cha kampuni, jambo lililosababisha lori kusimama.* Chini yake kulikuwa na aya ya pili: kwa kuwa magari ya zamani hayaendani na mifumo ya kisasa na yanaweza kuathiriwa na hitilafu za tarehe za kompyuta, lori litaondolewa barabarani, na dereva wake atastaafu pamoja nalo.

"Hitilafu za tarehe ndiyo nini?" Bi Klachi akauliza.

"Ni tatizo la kompyuta, mama. Tarehe zikibadilika, mashine kuukuu zinachanganyikiwa. Nimesoma. Angalia, malori mapya mawili hayakupata shida. La kwako peke yake. Umri huo."

"Mwanangu, lori hili halijui hata kama jana ilikuwa Jumatatu. Halina saa. Halina kalenda. Linajua dizeli, hewa na kubanwa. Utalichanganyaje kwa tarehe?"

"Weka sahihi, mama. Tusifike mbali."

"Siweki."

"Nakupa mpaka Alhamisi. Mkurugenzi atakuwepo."

Akatoka na barua mkononi, hajaikunja hata. Aliponikuta uani alinionyesha kama mtu anayeonyesha panya aliyemnasa.

Sasa nikwambie la kwangu, ambalo sijivunii. Mchana ule ule meneja aliniita na mimi. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na nilikuwa nimebakiza miezi miwili. Nina watoto wawili na mama anayenitegemea. Akanipa karatasi: *Nilimwona dereva akifungua kifaa.* Akaniambia kwa upole, kama anayenisaidia, kwamba anajua mimi ni mfanyakazi mzuri na hapendi kuona nachafuliwa na mambo ya wazee. Akanipa na kalamu.

Niliishika. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu. Naiona mpaka leo, imekaa pale na mkia wake. Halafu nikakumbuka ile karatasi ya lakiri inayong'aa, haina hata mkwaruzo, na nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeshika tochi ya simu wakati wa kufunga waya na ninajua ni wapi mkono wa Bi Klachi ulifika na wapi haukufika. Nikaweka kalamu mezani.

"Kuna nini?" meneja akauliza.

"Sikuona hicho."

"Uliona nini?"

"Niliona maziwa yakichemka na simu ikikatwa."

Nikatoka. Jioni nikamwambia Bi Klachi kila kitu, pamoja na ile herufi. Nilidhani atanitemea mate. Akafuta mikono.

"Herufi moja si jina," alisema. "Kesho twende kwa shemeji."

Karakana ya shemeji ni chumba kimoja cha mabati, ukuta mzima umening'inizwa waya kama nywele za kusukwa. Aliposoma barua alicheka, alipofika kwenye karatasi iliyobanwa nyuma yake akaacha kucheka. Ilikuwa taarifa ya safari ya siku ile, iliyotoka kwenye kompyuta ya meneja. Meneja aliibana kama ushahidi kwamba kifaa kilichezewa, kwa sababu namba zake hazikueleweka.

"Mmeiona tarehe?" shemeji akauliza.

Tukainama. Safari ilikuwa yetu, vituo vyetu, mlima wetu, na hapo katikati ya mlima tukasimama. Lakini juu iliandikwa: Jumatatu, 23 Agosti 1999.

"Mwaka huo nilikuwa shule ya msingi," nikasema.

"Na mimi nilikuwa na kiuno," akasema Bi Klachi.

Shemeji akavuta stuli. "Setilaiti haimwambii kisanduku mwaka. Inamwambia namba ya wiki. Wiki ya kwanza, ya pili, inakwenda. Lakini nafasi waliyotenga kwa namba hiyo ni ndogo. Ikifika wiki elfu moja na ishirini na tatu, inayofuata ni sifuri. Shemeji, kile kihesabu cha kilometa cha lori lako kikijaa tisa zote kinakuwaje?"

"Kinarudi sifuri. Kimesharudi mara mbili."

"Lori likawa jipya?"

"Lingekuwa jipya ningefurahi."

"Ndivyo hivyo. Wiki zimerudi sifuri mwisho wa juma lililopita. Visanduku vilivyotengenezwa kwa akili, kama vya yale malori mapya, vinajua, vinaongeza vyenyewe. Hiki cha kwenu ni cha zamani, hakikufundishwa. Kimehesabu nyuma miaka kumi na tisa na miezi saba. Siku ya wiki inabaki ile ile, Jumatatu kwa Jumatatu, ndiyo maana mtu hashtuki. Halafu kimejikagua. Hivi hukagua tarehe kila baada ya muda, tuseme saa mbili. Kimeona tarehe ni ya kabla hakijasajiliwa, kikasema: huyu mwizi amerudisha saa nyuma. Kikafunga dizeli."

Niliona hasira inampanda Bi Klachi polepole, kutoka shingoni.

"Kwa hiyo aliyezeeka si Ajuza," akasema. "Ni hiki kijidude chao cha miaka mitatu."

"Hiki ndicho kizee. Ajuza wako hata akiishi miaka mia, tarehe itamkuta barabarani na kumpita."

"Alhamisi unakuja na mimi."

"Sijaalikwa."

"Mimi nakualika. Na uje na betri."

Alhamisi tulikuwa watano katika ofisi ya mkurugenzi. Mkurugenzi ni mama wa maneno machache, mwenye tabia ya kukusikiliza huku ameshika miwani mkononi, akiivaa unajua umekwisha au umepona. Meneja alikuwa na kompyuta yake ya kubeba. Alipomwona shemeji na betri ya gari begani alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Huyu ni nani?"

"Shahidi wangu," akasema Bi Klachi. "Na huyo begani ni shahidi wa pili."

Meneja akaanza. Alisema vizuri, siwezi kumnyima. Alisema kuhusu usalama, kuhusu mashine za kale na hitilafu za tarehe, kuhusu malori mapya yaliyopita salama, kuhusu dereva aliyeonywa kwa simu na bado akaunganisha waya. Alipomaliza akasukuma barua mbele ya Bi Klachi, na kalamu juu yake.

Bi Klachi akairudisha kwa kidole kimoja.

"Mama mkurugenzi, mimi si msomi. Naomba jambo moja. Twende uani, ukiangalie kisanduku mwenyewe. Kama lakiri imevunjwa, naweka sahihi hapa hapa, na lori mkaliuze chuma chakavu."

Tukashuka. Mkurugenzi akavaa miwani, akapanda kwa Ajuza na sketi yake ya ofisini, akainama chini ya dashibodi. Alikaa huko kitambo. Aliposhuka alikuwa na vumbi magotini.

"Lakiri ni nzima," akasema.

"Basi ivunje wewe," akasema Bi Klachi. "Mimi mkono wangu usiguse."

Meneja akasema mkataba hauruhusu. Mkurugenzi alimtazama tu, akapokea bisibisi kutoka kwa shemeji, akavunja.

Kisanduku kikapelekwa juu mpaka ofisini. Shemeji akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha ili kione mbingu, betri akaiweka sakafuni juu ya gazeti, akaunganisha waya mbili. Taa ikawaka nyekundu. Hakuna injini pale, hakuna gurudumu, hakuna hata harufu ya dizeli.

"Meneja, fungua mfumo wako," akasema mkurugenzi.

Tulingoja. Dakika tano zikapita. Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Halafu alama ikatokea kwenye ramani, juu ya kiwanda, pale pale tulipokaa. Na pembeni yake: Alhamisi, 26 Agosti 1999. *Kifaa kimechezewa.*

"Nimekichezea lini?" Bi Klachi akauliza. "Na Ajuza yuko wapi hapa? Mezani? Kabatini?"

Shemeji akaeleza habari ya wiki, safari hii taratibu na bila utani. Mkurugenzi akamuuliza, "Kwa hiyo magari ya zamani hayana tatizo la tarehe?"

"La zamani kama hili halina mahali pa kuiweka hiyo tarehe, mama. Magari mapya yana kompyuta ndani, na hizo siwezi kuziapia. Saa zake zinaweza kukosea, ramani zake zinaweza kupotea. Lakini hili lilikuwa zima mpaka lilipofungiwa kitu kinachosoma kalenda."

Mkurugenzi akavua miwani. Akasema barua ya kukiri imefutwa. Kisanduku kisirudishwe. Lori libaki barabarani. Nilitaka kupiga makofi. Lakini akaendelea: kwa kuwa dereva aliunganisha waya baada ya kukatazwa, atapewa barua ya onyo. Utaratibu ni utaratibu.

"Onyo la nini, mama?"

"La kutotii maagizo."

"Ningetii, yangemwagwa arobaini na moja."

"Najua. Lakini kila dereva akifanya anavyoona—"

"Kila dereva akifanya nilivyofanya, hamtakuwa na mtaro mweupe." Sauti yake haikupanda. Alitoa funguo za Ajuza mfukoni akaziweka mezani, juu ya ile barua. "Andikeni onyo lenu, mlitie kwenye faili, sikatai. Sahihi yangu hamtaipata. Na hizi funguo zitakaa hapa mpaka jambo la pili liishe."

"Jambo gani la pili?"

Bi Klachi akanigeukia. "Mdogo wangu, wasomee."

Nikatoa simu. Nikausoma ule ujumbe wote mpaka *kutokana na uzembe wa dereva*.

"Miaka ishirini na sita nachukua maziwa kwa watu wale," akasema. "Nimewazika wengine wao. Jumanne, jana na leo nimepita, mama wa mwanzo wa njia amenipa madumu bila kunisalimu. Ujumbe wa simu umenichafua, ujumbe wa simu hautanisafisha. Aliyeuandika apande lori, awaambie kwa mdomo wake."

"Nina kazi nyingi wiki hii," akasema meneja.

"Wao wana ng'ombe."

Mkurugenzi alizitazama zile funguo kwa muda. Nilimwona anapima: njia yetu ndiyo ndefu kuliko zote, na hakuna dereva mwingine aliyeweza kumpandisha Ajuza mlima ule akiwa amejaa.

"Kesho, saa kumi na moja na nusu," akamwambia meneja. "Vaa viatu vingine."

Hakuwa na viatu vingine. Ijumaa alikuja na vile vile, akakaa katikati yetu, gia katikati ya magoti yake, na kila Bi Klachi alipoingiza namba mbili ilibidi ajikunje kama barua. Hivyo hivyo mpaka kituo cha kwanza.

Mama wa madumu sita alikuwa amesimama kando ya barabara amefunga mikono kifuani. Meneja akashuka, akarekebisha shati.

"Habari za asubuhi. Kutokana na changamoto za kimfumo zilizojitokeza mwanzoni mwa wiki—"

"Ongea kama mtu," Bi Klachi akamwambia kutoka dirishani.

Meneja akaanza upya. Kulikuwa na ukungu kidogo na ng'ombe mmoja alikuwa analia nyuma ya nyumba.

"Maziwa yenu yalimwagwa kwa kosa la kifaa. Kifaa nilikileta mimi. Dereva hakuwa na kosa." Akageuka kulitazama lori. Bi Klachi hakuwasha injini. "Mimi ndiye niliyesema ana kosa. Nilisema bila kujua."

Mama yule akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Rudia," akasema. "Mume wangu yuko bandani, hajasikia."

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mzee akatoka bandani na ndoo mkononi, akataka kusikia tena kwa kuwa alisikia nusu. Akarudia mara ya tatu.

Tulikuwa na vituo kumi na viwili. Kituo cha tano alikuwa amejifunza kusema kwa maneno ishirini. Kituo cha nane mfugaji mmoja alimpigia kelele kwa muda mrefu, na meneja alisimama pale pale akasikiliza mpaka mwisho, hakutazama saa. Kituo cha kumi na mbili alisema yake, halafu bila kuambiwa akashika mkono wa dumu upande mmoja, mfugaji upande wa pili, wakalipandisha. Maziwa kidogo yalimmwagikia kwenye kiatu.

Mkataba wangu uliongezwa. Sijui ni nani aliyenisemea, na sikuuliza. Barua ya onyo nasikia iliandikwa kweli, na imo kwenye faili la Bi Klachi, na mahali pa sahihi pako wazi. Mwaka uliofuata walimletea barua nyingine ya kumkumbusha aweke sahihi. Aliwarudishia na tarehe ya siku hiyo aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu, herufi kubwa, na jina hakuliweka.